Mwongozo Kamili wa Kukokotoa Kasi ya Uhusiano Karibu na Kasi ya Nuru

Vyombo viwili vya anga vinapita kwenye kituo kimoja kwa wakati mmoja. Chombo A kinaelekea kulia kwa kasi ya 0.8c na chombo B kinaelekea kushoto kwa 0.6c, ambapo c ni kasi ya nuru. Wasafiri waliomo ndani ya A watapima kwamba B kinakwenda kwa kasi gani?

Wanaojaribu swali hili kwa mara ya kwanza hujumlisha na kupata 1.4c, jibu ambalo nadharia ya uhusianifu maalumu hailikubali. Wakishaelezwa kwamba ipo kanuni ya kujumlisha kasi, huikumbatia na kuitumia kila mahali, hata katika maswali ambayo kujumlisha kwa kawaida ndiko kulikotakiwa, na hapo hukosa upya. Kanuni yenyewe ni fupi na haidai zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Kinachowaangusha wengi ni kuandika namba za kasi bila kusema kila namba imepimwa katika fremu ipi, yaani kwa rula na saa za nani, na ndiyo maana hatua mbili za kwanza hapa chini hazina hesabu ndefu hata kidogo.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa karatasi, penseli na kikokotoo chenye kitufe cha kipeuo cha pili. Algebra ya sekondari inatosha.

Kasi ya nuru katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde kamili, bila desimali, kwa sababu tangu mwaka 1983 mita yenyewe hufafanuliwa kwa kutumia thamani hiyo. Katika hesabu zetu hatutaiandika namba hiyo ndefu. Kila kasi tutaiandika kama sehemu ya c, na kila umbali kwa sekunde za nuru, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa sekunde moja, takriban kilomita 300,000.

Nakili kanuni hizi juu ya karatasi yako:

u′ = (u − v) / (1 − uv/c²)

γ = 1 / √(1 − v²/c²)

x′ = γ(x − vt) na t′ = γ(t − vx/c²)

Hapa v ni kasi ya fremu mpya kama inavyopimwa katika fremu ya zamani, u ni kasi ya kitu katika fremu ya zamani, na u′ ni kasi ya kitu hichohicho katika fremu mpya. Herufi x na t ni mahali na wakati wa tukio katika fremu ya zamani, x′ na t′ ni vya tukio hilohilo katika fremu mpya, na γ (gamma) ni kizidisho kinachotokana na v. Kanuni hizi ni za fremu zisizochapuka, yaani zinazokwenda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka. Chombo kikiwa kinawasha injini au kinapinda njia, lazima ushughulikie kila nukta ya safari yake peke yake.

## Hatua ya 1: Taja fremu ya kila namba

Chora mstari mmoja wa mlalo, weka kituo katikati na vyombo viwili pande zake, kisha andika kando ya kila kasi maneno "kwa kituo", "kwa A" au "kwa B". Katika swali letu, 0.8c ni kwa kituo na 0.6c pia ni kwa kituo. Hakuna namba hata moja iliyopimwa na A, na hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayoamua mambo. Kasi ni umbali kugawanya kwa muda, na katika nadharia hii umbali na muda vyote viwili hutegemea fremu. Kutoa kasi iliyopimwa na kituo kutoka kwenye kasi iliyopimwa na A ni sawa na kuchanganya vipimo vya rula mbili zenye alama tofauti.

Ni lazima pia uelewe fremu ni kitu gani. Fremu ni mfumo mzima wa rula na saa zilizotandazwa kila mahali, zote zikiwa zimetulia kwa uhusiano wao na saa zikiwa zimeoanishwa. Tukio hupewa wakati wa saa iliyokuwa hapohapo lilipotokea, na kwa hiyo muda ambao nuru ilitumia kumfikia mtazamaji tayari umeondolewa. Ndiyo sababu ninatumia neno "kupima" na kuepuka "kuona": anachokiona mtu kwa macho yake huongezewa ucheleweshaji wa nuru, nayo ni hesabu nyingine kabisa.

Utajua umefaulu hatua hii pale ambapo hakuna kasi kwenye karatasi yako isiyo na jina la fremu.

## Hatua ya 2: Amua unaulizwa swali lipi kati ya mawili

Hapa ndipo majibu mengi yanapoharibika, kwa hiyo usipite haraka.

Swali la kwanza ni la fremu moja: kwa mujibu wa kituo, umbali kati ya A na B unaongezeka kwa kiwango gani? Rula ni za kituo, saa ni za kituo, na hakuna fremu inayobadilishwa. Jibu ni 0.8c + 0.6c = 1.4c, na ni sahihi kabisa. Tuiite kasi ya kuachana, au ya kukaribiana vitu vinapokutana. Inaweza kufika hadi 2c bila kuvunja sheria yoyote, kwa kuwa hakuna kitu wala ujumbe unaosafiri kwa kasi hiyo. Ni pengo tu linalopanuka.

Swali la pili ni la fremu mbili: B kinakwenda kwa kasi gani katika fremu ambamo A kimetulia? Hii ndiyo kasi ya uhusiano, na ndiyo pekee inayohitaji kanuni ya u′.

Chukua mfano unaoonyesha hasara ya kuchanganya maswali haya. Kwa mujibu wa kituo, chombo A kiko umbali wa sekunde 18 za nuru na kinakuja moja kwa moja kwa 0.8c. Kituo kinarusha mwali wa nuru kukielekea. Watakutana baada ya sekunde ngapi za kituo? Pengo linapungua kwa c + 0.8c = 1.8c, kwa hiyo jibu ni 18 ÷ 1.8 = sekunde 10. Hakiki: baada ya sekunde 10 nuru imefika umbali wa 10, na chombo kimesogea 8 kutoka 18, kikafika 10 vilevile. Aliyekimbilia kanuni ya kujumlisha kasi angepata c, akagawanya 18 kwa 1, akajibu sekunde 18. Angekuwa ametumia kanuni sahihi kujibu swali ambalo hakuulizwa.

Tahadhari: maneno ya swali mara nyingi huwa na utata. "Kasi ya A dhidi ya B" inaweza kumaanisha chochote kati ya hivyo viwili. Jiulize rula na saa ni za nani. Zikiwa za mtu wa tatu, jumlisha au toa kwa kawaida. Zikiwa za mmoja wa wale wawili, endelea na hatua zinazofuata.

## Hatua ya 3: Chagua upande chanya na usiubadilishe

Amua kwamba kulia ni chanya. Basi v = +0.8c, ambayo ni kasi ya A, na u = −0.6c, ambayo ni kasi ya B. Alama ya hasi ibebe popote namba inapokwenda, pamoja na ndani ya sehemu ya chini ya kanuni, maana wengi huikumbuka juu na kuisahau chini.

## Hatua ya 4: Ingiza namba kwenye kanuni

u′ = (−0.6 − 0.8) / (1 − (−0.6)(0.8)) = −1.4 / 1.48 = −0.9459

Kwa hiyo wasafiri wa A watapima kwamba B kinakwenda kushoto kwa takriban 0.946c. Ukipenda sehemu kamili, ni 35/37.

Sasa geuza swali: vyombo vyote viwili vinaelekea kulia, A kwa 0.8c na B kwa 0.6c.

u′ = (0.6 − 0.8) / (1 − 0.48) = −0.2 / 0.52 = −0.3846

Kasi ya uhusiano hapa ni kubwa kuliko tofauti ya kawaida ya 0.2c, na ni karibu mara mbili yake. Wapo wanaoamini kwamba kanuni hii kazi yake ni kupunguza, kana kwamba ni breki ya kuzuia vitu visivuke c, kisha wakipata jibu lililoongezeka hulifuta na kuanza upya. Usilifute. Vitu vikienda upande mmoja, sehemu ya chini huwa ndogo kuliko 1, na jibu huongezeka.

## Kwa nini sehemu ya chini ipo

Anayeikariri kanuni bila kujua sehemu ya chini imetoka wapi ataisahau baada ya wiki moja, kwa hiyo tuifuatilie kwa namba.

Saa ya kituo ilisoma sifuri vyombo vilipokutana kituoni. Saa za kituo zinaposoma sekunde 10, A kiko kwenye +8 na B kiko kwenye −6. Haya ni matukio mawili yaliyotokea kwa wakati mmoja kwa mujibu wa kituo.

Yahamishe yote mawili kwenye fremu ya A. Kwa v = 0.8c, γ = 1/√(1 − 0.64) = 1/0.6 = 5/3.

Tukio la A: t′ = (5/3)(10 − 0.8 × 8) = (5/3)(3.6) = sekunde 6. Mahali ni x′ = (5/3)(8 − 8) = 0, kama inavyopaswa, kwa kuwa A kimetulia katika fremu yake.

Tukio la B: t′ = (5/3)(10 + 0.8 × 6) = (5/3)(14.8) = sekunde 24.67. Mahali ni x′ = (5/3)(−6 − 8) = (5/3)(−14) = −23.33.

Angalia nyakati hizo mbili: sekunde 6 na sekunde 24.67. Matukio ambayo kituo kinasema yalitokea pamoja, A inayatenganisha kwa zaidi ya sekunde 18. Sasa gawanya umbali wa B kwa muda wa B katika fremu hii: 23.33 ÷ 24.67 = 0.9459, jibu letu lilelile. Ile 5/3 ipo juu na chini, kwa hiyo inajifuta, na kinachobaki ni 14 ÷ 14.8. Sehemu ya juu, 14, ndiyo pengo la kawaida. Sehemu ya chini, 14.8, imetokana na 10 pamoja na 4.8, na hiyo 4.8 ndiyo mchango wa saa zisizokubaliana kuhusu matukio ya mahali tofauti.

Kwa hiyo uv/c² ni alama ya kutokubaliana kwa saa. Kufupika kwa urefu na kuchelewa kwa saa vimo ndani ya γ, na γ imejifuta yenyewe. Wanaojaribu kupata jibu kwa kufupisha umbali wa 14 peke yake na kuugawanya kwa sekunde 6 za saa ya A hupata namba isiyo na maana, kwa sababu wameunganisha umbali wa tukio moja na wakati wa tukio jingine.

## Hatua ya 5: Hakiki jibu

Anza kwa kubadilishana nafasi. Weka v = −0.6c na u = 0.8c, utapata u′ = 1.4/1.48 = +0.9459. Ukubwa ni uleule na alama imegeuka. Ukubwa ukitofautiana, umekosea alama mahali fulani.

Kisha jaribu nuru. Weka u = c na v yoyote iliyo chini ya c: (1 − v)/(1 − v) hutoa 1 daima. Jambo hili limepimwa: mwaka 1964 huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, pioni (chembe ndogo kuliko atomu) zisizo na chaji zilizokuwa zikienda kwa 0.99975c zilioza na kutoa nuru, na nuru hiyo ilipopimwa kwa vyombo vilivyotulia maabara ikawa na kasi ya c, wala kasi ya pioni haikuongezeka juu yake.

Jaribu pia kasi ndogo. Ndege mbili zinazopishana, kila moja kwa mita 250 kwa sekunde, zina kasi ya uhusiano ambayo ni pungufu ya mita 500 kwa sekunde kwa mita 3.5 × 10⁻¹⁰ kwa sekunde tu. Lakini kasi ndogo haina maana kwamba kanuni haipimiki. Nuru inayopita ndani ya maji yanayotiririka kuelekea upande wake huongezewa takriban 0.43 tu ya kasi ya maji, na Hippolyte Fizeau alilipima jambo hilo mwaka 1851. Ukichukua u = c/1.33 na kutumia kanuni yetu, utaipata sehemu hiyo mwenyewe.

Uhakiki ninaoupenda kuliko yote hutumia kizidisho k = √((1 + β)/(1 − β)), ambapo β ni kasi ikiwa sehemu ya c. Kwa 0.6c, k = √(1.6/0.4) = 2. Kwa 0.8c, k = √(1.8/0.2) = 3. Vyombo vikienda pande tofauti, zidisha: 2 × 3 = 6. Rudi kwenye kasi kwa (k² − 1)/(k² + 1), yaani 35/37. Vikienda upande mmoja, gawanya: 3 ÷ 2 = 1.5, nayo inatoa 1.25/3.25 = 0.3846. Kizidisho hiki kina maana halisi pia: ndicho kinachopunguza masafa ya mawimbi ya redio yanayotumwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine wakati vinaachana.

Tahadhari: usiweke v = c. Nuru haina fremu ambamo imetulia. Kwa miali miwili inayokwenda upande mmoja kanuni itakupa 0/0, na hilo ni onyo tosha. Kwa miali inayokutana itakupa c, jibu linalopendeza lakini lisilopimwa katika fremu yoyote iliyopo.

## Hatua ya 6: Mwendo usio kwenye mstari mmoja

Tuseme kwa mujibu wa kituo A kinaelekea kulia kwa 0.8c na B kinaelekea juu kwa 0.6c. Sasa kuna kanuni mbili, moja kwa kila mhimili. Ule wa mwendo wa fremu unafuata kanuni tuliyoizoea. Ule wa pembeni una sura hii:

u′y = uy √(1 − v²/c²) / (1 − ux v/c²)

B hakina mwendo wa kulia wala kushoto kwa kituo, kwa hiyo ux = 0. Katika fremu ya A, u′x = −0.8 na u′y = 0.6 × 0.6 = 0.36. Ukubwa wake ni √(0.64 + 0.1296) = √0.7696 = 0.877c.

Wengi hushangaa kwamba kasi ya pembeni imebadilika ilhali umbali wa pembeni haubadiliki. Umbali haukubadilika, ni kweli, lakini muda umebadilika, na kasi hugawanywa kwa muda.

Sasa ingia katika fremu ya B. Mwendo wa A hapo ni 0.64 kulia na 0.6 chini, na ukubwa ni √(0.4096 + 0.36), 0.877c ileile. Lakini tazama mielekeo: A inasema B kinakwenda (−0.8, 0.36), na B inasema A kinakwenda (0.64, −0.6). Hizi si vekta kinyume. Si kosa la hesabu. Kila chombo kimerithi mihimili yake kutoka kituoni, na mihimili hiyo miwili imezungushwa mmoja kwa mwingine. Kwa hiyo katika mwendo wa pembeni, kubadilishana nafasi huhakiki ukubwa wa kasi peke yake. Usitumie kuhakiki mwelekeo.

## Hatua ya 7: Kasi zinapokaribia c sana

Katika kichapuzi kikubwa cha CERN, mashine ya kuziongezea chembe kasi, protoni zimegonganishwa kwa nishati ya elektronivolti trilioni 6.8 kila moja. Gamma ya kila protoni ni takriban 7,247, na kasi yake katika maabara ni 0.9999999905c. Kasi ya kukaribiana kwa mujibu wa maabara ni karibu 2c, na kwa hatua ya 2 hilo halipaswi kukusumbua tena. Lakini ukiingiza namba hizo kwenye kanuni ya u′, kikokotoo kitakuonyesha 1 kamili, na utadhani protoni imefikia kasi ya nuru.

Hapo acha kasi na ukokotoe gamma ya uhusiano moja kwa moja:

γ ya uhusiano = γ₁ γ₂ (1 − u₁u₂/c²)

Kwa vitu vinavyogongana uso kwa uso alama ndani ya mabano huwa ya kujumlisha, kwa hiyo hapa jibu ni karibu sana na 2 × 7,247², takriban milioni 105. Kutoka hapo upungufu wa kasi chini ya c ni takriban 1/(2γ²), yaani 4.5 × 10⁻¹⁷ ya c. Kompyuta ya kawaida hubeba takriban tarakimu 16 tu, kwa hiyo upungufu huo hauwezi kuonekana ukiandika kasi yenyewe. Andika gamma, na uandike kando yake kwamba ni ya protoni moja kama inavyopimwa katika fremu ya nyingine.